Mguu wa Mtani Wangu Athanasi

Bombambili,
Songea.
Jumapili, 16 Juni 2024

Mpendwa mume wangu Erasmus,

Marahaba. Najibu shikamoo ambayo hujanipa, maana nikisubiri uje kunipa kwa mdomo wako nitazikwa bila kuipokea. Mume gani wewe? Wajukuu wa wenzangu wakiitwa waume na bibi zao, walau huja na mche wa sabuni. Wewe umenifanya mjane mara ya pili. Krismasi mbili zimepita, mahindi tumevuna mara mbili, na mlango huu hujaukanyaga. Usiniambie Mwanza ni mbali. Mbali ni kaburini, na hata huko watu wa mtaa huu wanakwenda kila wiki.

Haya. Hujambo? Nasma hajambo, yule mke mwenzangu? Na Shukuru anatembea sasa, au bado mnambeba kama mzigo wa posta? Sisi huku ni wazima. Baridi ya Juni imeshuka, asubuhi vidole havishiki mpini. Baba yako Hironimus anakohoa kidogo lakini anakula, na mtu anayekula haniogopeshi.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Shule sikukanyaga, na hizi herufi nilizozipata kwenye kisomo cha ngumbaru zinatembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Lakini jambo hili kwa simu nisingeliweza. Ungenikatiza, ungesema, "Basi Bibi, yameisha," nami ningeshukuru na kunyamaza. Karatasi hainikatizi. Nimeandika siku tatu, nikichoka naiweka chini ya godoro. Isome peke yako kwanza.

Unakumbuka goti langu la kulia. Mwaka jana lilipogoma kabisa, baba yako alinipeleka hospitali, chumba cha mazoezi ya viungo. Nikamkuta binti wa Tunduru, anaitwa Asma, mfupi, mpole, mikono baridi. Akasema paja langu limelala kwa kulihurumia goti, na paja likilala goti halina mlinzi. Akanipaka jeli inayoteleza kama mlenda, akanibandika vibandiko vinne vyenye nyaya, akawasha mashine. Nikasema leo nakufa. Akacheka: "Bibi, huu si umeme wa kuchemshia chai. Ni mdogo. Unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, taratibu. Unaigonga misuli iamke, halafu unaiacha ipumue." Na kweli, nikaona nyama ya paja langu inaruka yenyewe, mimi sijaiamrisha, kama panya ndani ya gunia. Nilicheka mpaka machozi.

Miezi miwili nilikwenda kila Jumanne na Ijumaa, na nyumbani nikawa nanyoosha mguu kama alivyonifundisha. Goti likarudi. Wewe ukasikia, ukafurahi, ukaninunulia kimashine kidogo cha kushika mkononi, ukakituma kwa basi. Mungu akubariki kwa hilo. Usije ukadhani barua hii inakulaumu, maana nakujua, wewe hupenda kujibebesha mizigo ya watu.

Nilikipeleka kwa Asma akakikagua. Akaniwekea namba nane, dakika ishirini, na jeli juu yake. Akaniambia, "Hiki ni cha goti lako, Bibi. Usimbandike mtu mwingine. Kila mwili una yake, na mimi sijampima." Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kama tunavyomwambia padri ndiyo.

Hapa ndipo aibu yangu inapoanzia, mume wangu.

Nilianza kubandika watu. Akaanza mama mmoja wa jumuiya yetu, bega lilikuwa linamsumbua, nikambandika baada ya sala ya Jumamosi, akasema amelala vizuri. Wiki iliyofuata wakaja wanne. Halafu wakawa wanakuja hata siku zisizo za sala. Wakaniita Daktari. Nilipenda, Erasmus. Nisikudanganye, nilipenda mno. Mimi ambaye darasa nililiona kwa dirishani, leo watu wazima wanavua viatu mlangoni kwangu na kuniuliza, "Daktari, nikae upande gani?"

Jeli ikaisha. Nikaona jeli ni nini, si mafuta tu? Nikawa napaka mafuta ya mgando. Mafuta yale yanauzuia umeme, hilo nimelijua baadaye. Nilipoona watu hawasikii kitu niliongeza namba. Gundi ya vibandiko nayo ikaisha, nikawa navifunga kwa mpira. Kimoja kikachanika pembeni waya ukatokeza, nikakigeuza ili usionekane.

Na mwezi wa nne uliponipigia simu ukaniuliza, "Bibi, kimashine unakitunza?" nilikujibu, "Kama yai." Ule ulikuwa uongo. Nilikuwa nimekiweka mapajani, na mkono mwingine nimeshika mgongo wa mtu.

Sasa Mzee Athanasi. Yule fundi baiskeli wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, Mbena wa Njombe, anayeishi na binti yake Brigita. Mababu zetu Wangoni walipigana mikuki na mababu zake, ndiyo maana sisi ni watani. Babu yako alipofariki, wewe ulikuwa mdogo, Athanasi alivaa koti la marehemu, akalala kwenye mkeka katikati ya waombolezaji, akadai aletewe pombe yake na mke wake mrembo. Watu wakacheka. Mimi nikacheka, siku ya tatu ya kilio. Hakuna padri wala mtoto aliyenifanyia kitu kama kile. Miaka yote hii hakuwahi kuniita jina langu. Mimi ni Mla Panya. Yeye ni Mnywa Ulanzi, kwa ile pombe ya mianzi ya kwao.

Jumamosi moja mwishoni mwa Aprili akaja anajikokota.

"Mla Panya, nasikia siku hizi unagawa umeme."

"Kaa chini, Mnywa Ulanzi. Hiyo miguu imefanya nini?"

"Usiku inawaka moto, mchana imekufa. Naona kama nimevaa soksi, nikitazama sijavaa."

Maneno hayo yalitosha kunizuia, kama ningekuwa na masikio. Nilijua ana sukari, mwaka wa kumi sasa. Na Asma, kila mara kabla ya kuwasha mashine, alinifumba macho na kunigusa kwa pamba, halafu kwa kijiti cha meno: "Hapa, Bibi? Na hapa?" Mimi niliona ni mchezo wa kitoto, wa kupoteza muda. Sikumfanyia Athanasi. Nilimbandika kimoja kwenye kigimbi cha mguu na kimoja chini ya vidole, kile kilichochanika, nikamfunga kwa mpira wa tyubu alioutoa mfukoni mwake mwenyewe.

Nikaweka nane. Akasema hasikii. Kumi na tano. Hasikii.

"Huu umeme wa Wangoni mmeukopa wapi?"

"Ngoja. Leo utamwita mama yako kwa Kibena."

Ishirini. Ishirini na tano.

"Umewasha kweli, mama? Au unanipima ujinga?"

Nikafika thelathini na tano, namba zikaisha. Yeye anatabasamu tu. Mimi nilifikiri anajikaza ili anishinde, kesho akatangaze mtaani kwamba umeme wa Mngoni haumtikisi Mbena. Yeye alifikiri sijawasha, kwamba namfanyia utani, akilalamika tu nimcheke. Basi tukakaa hivyo, kila mmoja anangoja mwenzake ashindwe. Kikijizima nakiwasha tena. Nilikiwasha mara nne. Katikati nilikwenda kugeuza maharage.

Nilipomfungua palikuwa na alama nyekundu karibu na kidole kidogo, ina pembe kama stempu. Tukacheka. Akasema, "Umenipiga chapa kama ng'ombe wako." Akaondoka anacheka.

Siku ya tatu pakavimba lengelenge, likapasuka. Alilificha ndani ya soksi. Hakuwa anasikia maumivu, na aliona haya kumwambia mtu kwamba Mngoni amemshinda. Brigita alijua kwa harufu, wiki mbili zimekwisha kupita, pamekuwa peusi. Wakamkimbiza hospitali, akalazwa.

Daktari akauliza umeungua na nini. Athanasi akasema, "Kaa la moto. Nimekanyaga kaa jikoni." Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Akanitazama mara moja, akatazama dari. Alinifunika, Erasmus. Alichukua uongo akanifunika nao, nami nikajifunika vizuri.

Ningekuwa mtu, ningesema pale pale. Sikusema. Na uongo ule ulimwangukia Brigita. Wauguzi walimwambia mbele ya wodi nzima, "Dada, mzee wa sukari unamwachaje kwenye moto bila viatu?" Majirani wakasema. Kaka yake Saimon akaja kutoka Njombe, akasimama uani kwao na kusema kwa sauti, "Umekaa hapa kwa ajili ya nyumba ya baba, miguu yake haikuhusu." Akasema mzee akitoka anamchukua. Yule binti ambaye kwa miaka sita amemwosha baba yake, amempimia dawa, amemkatia kucha, alikaa chini akachambua mchele, machozi yanaingia kwenye ungo.

Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeleta uji kwenye chupa. Unajua nilisema nini? Nilimmiminia Saimon kikombe, nikamwambia, "Kunywa mwanangu, umetoka mbali." Hilo ndilo lililonitoka siku ile.

Siku kumi na moja nilinyamaza. Nilikwenda wodini kila siku, napika, nafua mashuka yake, nikidhani kufua kutalipia. Watu wakanisifu: "Mama Hironimus ana moyo." Kila sifa ilikuwa kofi. Kanisani sikupanda kukomunika, nikawaambia tumbo linaniuma.

Siku ya kumi Asma alikuja wodini kumfundisha Athanasi kuinuka bila kuukanyagia mguu. Wakati wa kubadilisha bendeji akainama, akautazama muda mrefu. Akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe, "Kaa la moto haliachi pembe nne." Halafu akanitazama mikono. Hakuniuliza kitu. Afadhali angeniuliza.

Kesho yake nilikitia kimashine kwenye kapu, nikafunika na kanga, nikaenda. Daktari alikuwepo, Asma alikuwepo, Brigita na Saimon wamesimama pande mbili za kitanda kama watu wa koo mbili. Nikakitoa nikakiweka juu ya blanketi. Nikasema, "Si kaa. Ni mimi. Brigita hana kosa hata la sindano." Nikasema yote, mafuta, mpira, thelathini na tano, mara nne.

Athanasi akasema, "Mama huyu amechoka, msimsikilize."

Ndipo Asma akachukua pamba, akamwambia afumbe macho. "Babu, nikikugusa useme ndiyo." Akamgusa kisigino. Kimya. Akamgusa unyayo. Kimya. Akachukua kijiti, akamchoma kwenye kidole gumba mpaka ngozi ikabonyea, na yule mzee amefumba macho, uso umetulia kama mtoto kanisani, anangoja kuguswa. Kisha akauliza, "Bado hujaanza?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Hakuwa anashindana nami. Hakuwa na mguu wa kushindana nao.

Daktari hakunipigia kelele. Alisema umeme ulipita mahali pamoja padogo muda mrefu, ukachimba ndani kuliko kaa linavyochimba, na sukari ikamalizia. Alhamisi ile wakamkata vidole viwili, kile kidogo na jirani yake. Mguu umebaki. Wanasema utabaki, sukari ikitii na kidonda kikikauka. Kila siku nauliza habari za kidonda kile kabla sijanywa maji.

Saimon alimwomba dada yake radhi, kwa mdomo mfupi, akarudi Njombe peke yake. Kwa hilo namshukuru Mungu. Mimi nilikwenda kwa Brigita na jogoo na unga debe moja, nikapiga magoti jikoni kwake, mimi na goti langu lililopona. Akaniinua. Akasema, "Asante kwa kusema, Bibi." Jogoo akampokea. Lakini kapu lilirudi tupu. Wewe ni wa hapa, unajua kapu la jirani halirudi tupu, hata mtu akikosa kitu huweka majani ya maboga. Nimelitundika ukutani. Sina haki ya kumharakisha.

Kimashine nimemwachia Asma, amekifungia kabatini. Usikionee haya, hakina kosa. Kilinipa goti, nami nikakipa kazi isiyo yake. Asma ameniomba Jumanne nikae na wazee kwenye benchi kabla ya matibabu, niwaambie wasione haya kusema wasichosikia. Nimekataa. Siko tayari watu waniangalie tena kama mtu anayejua kitu.

Lakini si vidole vinavyoninyima usingizi, Erasmus. Athanasi amerudi nyumbani, anakaa kibarazani mguu juu ya kigoda. Nikipita ananisalimia, "Habari za asubuhi, Mama Hironimus." Najibu nzuri. Anasema, "Tunamshukuru Mungu." Basi. Kwa adabu, kama ninavyosalimiwa na karani wa benki. Hajaniita Mla Panya tangu siku ile wodini. Sijui kama ananichukia kwa mguu, au kwa kuuvunja uongo alionifunika nao. Sijui kama anangoja mimi nianze. Juzi nilisimama kwenye uzio wake, nikafungua mdomo nimtukane kidogo tu, hata habari za viazi vyao, nikaishia kumuuliza kama amekunywa dawa. Utani unataka mtu ambaye hajamdhuru mwenzake. Mimi nimepoteza mtani nikiwa hai, naye yuko hai, nyumba ya tatu.

Ndiyo hayo. Bibi yako ndivyo alivyo. Kama moyo utapoa juu yangu, upoe kidogo kisha upashe moto tena, maana sina mwingine wa kumwandikia.

Baba yako anakusalimu. Baba mdogo Otto wa Msamala anakusalimu, anauliza habari za ile redio. Mwanne, jirani wa nyuma, anasema umsalimie Nasma hata kama hawajaonana. Mbusu Shukuru utosini kwa niaba yangu. Mungu awape riziki isiyo na majivuno, awape macho ya kuona mliyokatazwa kabla ya mikono kuyafikia.

Krismasi utakuja, sikuombi. Ukishuka kwenye gari usianzie kwangu. Anzia kibarazani kwa Athanasi. Wewe ni damu yangu, kwa hiyo ni mtani wake kamili, na hujamkosea. Usimpe pole. Mwambie Wabena wana miguu mingi mno, ndiyo maana wanaiacha hospitali. Akikujibu kwa adabu, kaa naye, mchanjie kuni, uje taratibu, mimi nitakuwa nimepika. Lakini akikutukana, njoo mbio, mizigo iache huko huko, uniambie matusi yake yote kama alivyoyasema, usipunguze hata moja.

Mimi mkeo mzee, anayekupenda hata akikugombeza,
Bibi Eufrasia